Nondo wa Bibi Mwatumu

Jumapili, 1 Juni 2025

Naapa kuandika yote. Hata yale yatakayonionyesha mjinga. Mwalimu Japhet, anayetufundisha Kiswahili kila Alhamisi baada ya shule, anasema shajara isiyosema kweli ni bora iwe daftari la hesabu. Basi nitasema kweli.

Mimi ni Isra. Miaka kumi na mitatu. Nakaa Tensta, mtaa wa Stockholm huko Sweden, na Baba, Mama, na kwa sasa Bibi Mwatumu, mama yake Baba, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Leo nimegundua nondo!

Ilikuwa hivi. Mama mdogo Vumilia, anayeishi Minnesota huko Marekani, alimtumia Bibi kifurushi: soksi za sufu, karanga, na shada la maua makavu ya porini. Bibi akalifungua jikoni. Kitu kidogo cha kijivu kikaruka kutoka kwenye maua, kikatua kwenye kioo cha dirisha. Bibi akasema bismillahi, akakifunika kwa bilauri ya chai, akasukuma kadi ya salamu chini yake taratibu, akanikabidhi. Hapo ndipo nilipokigundua.

Urefu wake ni punje ya mchele wa basmati. Mabawa ya kijivu. Vidoti vitatu vyeusi kila bawa. Mdomoni vijipembe viwili vilivyopinda kwenda juu. Nimepekua kitabu cha maktaba: hayumo. Nimepekua tovuti za Wamarekani hadi macho yakauma: nondo wa kijivu ni wengi kama mchanga, lakini wangu hayumo. Maana yake ni moja tu. Hajulikani na sayansi.

Na nimesoma kwamba spishi mpya huweza kupewa jina la mtu anayeheshimiwa.

Hapa lazima nieleze jambo la Bibi. Mimi ni mjukuu wake wa kwanza wa kike. Kwa desturi ningeitwa Mwatumu, niwe somo yake. Lakini nilizaliwa usiku wa Isra na Miraji, na Baba kwa furaha akaniita Isra. Sina ndugu wengine, na Mama ameshasema hawatakuwepo. Bibi halalamiki kamwe. Kila wiki kwenye simu, kwa miaka yote hii, ametukumbusha kwamba halalamiki. Kwao kila mwanamke wa umri wake ana somo. Jirani yake ana watatu, mmoja daktari wa meno.

Ndege ya Bibi ni Jumapili ya tarehe 15. Nataka aondoke akiwa na somo. Ninamshukuru Mungu kwa kunipa Bibi, na kwa kumpa Bibi mkono mwepesi.

Jumatatu, 2 Juni

Nondo anatakiwa kugandishwa. Wataalamu hufanya hivyo ili asijipige mabawa yakachubuka. Pole sana, nondo.

Mama amekataa. Ijumaa ni Idi na friza yetu imejaa nyama. Nikasema atakaa pembeni, kwenye kichupa cha jamu, hatagusa chochote. Mama akasema mdudu akiingia mle yeye anatoka.

Nikaenda mlango wa pili kwa Mama Emérithe. Yeye ni Mkongomani wa Bukavu na friza yake ni kubwa kama bafu. Imejaa makopo ya aiskrimu. Tangu nikiwa mdogo sijawahi kuona aiskrimu ndani ya makopo yale. Ni sombe, yaani kisamvu, samaki, maharage, na tena sombe.

Akanisikiliza vizuri, halafu akauliza, "Na miye nitapata nini, ma chérie?"

Sikuwa na kitu. Mdomo ukajisemea wenyewe. Ukasema huyu nondo hana jina, na kwamba anaweza kuitwa Emérithe.

Mama Emérithe akakaa chini. Akasema kwao mtu wa jina lako ni ndoyi, na ndoyi unamnunulia nguo. Akaniuliza saizi yake. Nikasema mdogo. Akasema atashona.

Kichupani nilikuwa nimeshabandika karatasi ya MWATUMU. Nikabandika nyingine juu yake, EMÉRITHE, na ile alama yake juu ya herufi, kwa heshima. Ndani ya kichupa nikatia pamba, kichupa nikakitia ndani ya kopo tupu la aiskrimu ili samaki wasimponde. Kazi safi. Namshukuru Mama Emérithe. Jambo la majina mawili nitalitatua baadaye.

Jumanne, 3 Juni

Picha. Hapa ndipo ninapomhitaji Queen, na sipendi kumhitaji Queen.

Queen anakaa Hjulsta, mtaa wa jirani, wazazi wake ni Wakenya, na tuko naye darasa la Kiswahili. Mwaka jana alinisahihisha mbele ya wageni. Alikuwa amekosea yeye, lakini alisahihisha kwa sauti nzuri. Ana lenzi ndogo ya kubana kwenye simu.

Nilimwambia nitamshukuru sana. Akacheka. "Asante? Hiyo si hata mwenye duka hunipa?" Nikasema nitamtaja. Akasema atajwe na nani, nondo?

Mdomo wangu tena!

Mwanzoni alikasirika, eti wajina wake awe mdudu. Baadaye akafikiri. Malkia wa nyuki wapo tele, akasema, lakini malkia wa nondo bado. Akakubali.

Tukampiga picha kwenye roshani ya Mama Emérithe, harakaharaka asije akayeyuka. Nne za kwanza zilikuwa ukungu mtupu. Ya tano! Mabawa ya nyuma yana nyuzi ndefu pembeni, kama kope za macho. Na kile kijivu si kijivu. Ni magamba madogomadogo ya fedha, kahawia na njano, yamepangwa kama vigae vya paa. Nilinyamaza. Queen naye akanyamaza. Hatujawahi kunyamaza pamoja. Nashukuru kwa hilo kuliko kwa picha, ingawa Queen asilijue.

Picha nimezituma kwenye jumba la makumbusho ya viumbe, kwa mtaalamu wa nondo wadogo. Anaitwa Isak.

Alhamisi, 5 Juni

Isak amejibu! Barua ndefu, kama anavyoandikiwa mtu mzima. Kwa vile vijipembe anadhani nondo wetu ni wa ukoo ambao Kisvedi huita stävmalar. Amesema hafanani na yeyote wa Ulaya anayemfahamu. Ila picha haitoshi.

Nilifika darasani na barua mkononi. Mwalimu Japhet akafurahi mno. Akasema hii ndiyo elimu, akaanza kuisoma mbele ya darasa, akitafsiri kwa Kiswahili sanifu na mkono mmoja mgongoni. Alisoma kwamba nondo hawa wadogo hufanana kama mapacha. Alisoma kwamba rangi hudanganya. Alisoma kwamba njia pekee ya kuwatofautisha ni kumfungua chini ya hadubini na kuchunguza kwa makini...

Mwalimu akakohoa. Akanywa maji. Akasema sehemu iliyobaki ni ya kitaalamu.

Queen alikuwa ameshaisoma begani mwake. "Nyeti zake!" akasema. Darasa likaisha hapo.

Isak anataka nimpeleke nondo Jumanne nikiwa na mtu mzima. Baba na Mama wako kazini. Mwalimu akasema atanisindikiza yeye. Nilitaka kusema asante tu. Naapa. Lakini akaanza kusimulia kwamba ana mabinti wanne, wazuri, wenye akili, na kwamba jina la Japhet litaishia kwake kama barabara inayoishia msituni. Macho yake yakawa mekundu. Ningefanyaje?

Akanipa mkono. Hajawahi kumpa mwanafunzi mkono.

Hesabu yangu sasa: Mwatumu, Emérithe, Queen, Japhet. Habari njema ni kwamba jina la Kilatini lina maneno mawili. Kwa hiyo nusu ya tatizo imekwisha.

Ijumaa, 6 Juni

Idi! Nyumba inanukia pilau na udi. Nikampa Bibi zawadi yangu: nikamwambia nondo ataitwa kwa jina lake.

Bibi akaweka kikombe chini. Akauliza kama si mmoja wa nondo waliomtafunia kanga zake za harusi. Lile sanduku lake limejaa naftalini mpaka nguo zake zinanusika kutoka kwenye lifti, yote kwa ajili ya nondo, na leo mmoja awe somo yake? Nikamweleza kwamba huyu anaishi kwenye maua, nguo hazijui. Akafikiri. "Mla maua. Basi ana adabu."

Kisha ikabidi nieleze uchunguzi. Nilitumia maneno ya mbali kadiri nilivyoweza. Bibi akayasogeza karibu.

"Yaani somo yangu avuliwe nguo na mwanamume?"

Nikasema Isak ni mtaalamu. Akasema hata daktari huita nesi. Akasema Jumanne atakuja mwenyewe kusimamia. "Na wewe, mke mwenzangu, utakaa upande wa kichwa."

Nilicheka. Baadaye nikapita mlangoni mwa chumba chake. Alikuwa anampigia dada yake Tanga. Hakuwa anacheka. Alikuwa anasema kwa sauti ndogo kwamba amepata somo Ulaya. Mdogo mdogo hivi. Hasumbui. Akamwambia dada yake asimwambie jirani kwanza, halafu akamwambia amwambie.

Sasa siwezi kushindwa.

Jumamosi, 7 Juni

Msiba!

Asubuhi nilimpelekea Mama Emérithe sahani ya pilau, nikaomba kumwangalia nondo. Tukafungua friza. Kopo halipo. Tukatoa sombe, tukatoa samaki, tukatoa kitu ambacho mwenyewe hakukumbuka ni nini. Halipo.

Mama Emérithe akajishika kichwa. Jana jioni alimpa binamu yake Hervé makopo matatu ya sombe kwa ajili ya maombi ya familia. Huko Fisksätra. Upande wa pili wa mji!

Treni ya chini ya ardhi, basi, kisha treni ya Saltsjöbanan, naye Mama Emérithe njia nzima akimpigia Hervé ambaye hapokei. Kwenye maombi simu huzimwa. Mimi namwona nondo ndani ya sufuria. Namwona Bibi akimpigia dada yake tena.

Tulipofika, mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyekuwa anakula. Watu wote wamesimama sebuleni, wameshikana mikono kuzunguka meza ya kahawa. Juu ya meza, kichupa changu. Hervé jasho linamtiririka, anakiombea kwa Kiswahili, Kifaransa na Kisvedi.

Jamani. Jiweke mahali pao. Umefungua kopo la sombe, umekuta kichupa. Ndani pamba. Katikati ya pamba mdudu amekufa. Na nje jina la dada yako, kwa herufi kubwa. Wewe ungefikiri nini?

Hervé alipomwona Mama Emérithe mlangoni mzima wa afya, akapiga magoti. "Dada! Walikutaka! Tumewashinda!" Mama mmoja akalia. Mama Emérithe naye akalia, kwa sababu wote walikuwa wanalia. Mimi nikasema samahani, hicho ni changu.

Wote wakanigeukia!

Nikaeleza sayansi. Nimejitahidi. Nadhani walikuwa wananielewa, mpaka Hervé alipotazama vizuri na kuona karatasi imebanduka pembeni kwa unyevu. Akaivuta. Chini yake ikatokea MWATUMU. Chumba kizima kikavuta pumzi. Wako wawili!

Mama Emérithe akaacha kulia. Akanigeukia. Akauliza huyu Mwatumu ni nani kwenye kichupa cha ndoyi wake. Akauliza polepole, na hiyo ndiyo mbaya.

Hapo nikakumbuka Kilatini. Nikasema jina lina maneno mawili, kama binadamu alivyo na jina na ubini, na yeye ndiye la pili, na la pili ndilo muhimu. Akanitazama sana. Akasema, "Iko sawa. Lakini weye iko mwanasiasa."

Nondo mzima. Hata ukope mmoja haujapungua. Hervé alitufungashia sombe ya njiani na akambariki nondo mara ya mwisho, kwa usalama. Nilipomsimulia Bibi (sehemu ya karatasi niliiruka), naye akamsomea dua. Hakuna nondo Stockholm aliyeombewa kama huyu. Nashukuru dini zote zilizohusika.

Jumanne, 10 Juni

Makumbusho. Mwalimu Japhet alivaa suti. Bibi alivaa baibui jipya na soksi za Minnesota. Njiani Mwalimu alisema kwamba ni siku kubwa kwa jina lake. Bibi akauliza jina lake linahusikaje. Nikawaonyesha swala dirishani. Hapakuwa na swala.

Isak ni mrefu, mwembamba, anaongea kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Alinipa mkono kabla ya watu wazima! Akavuta droo moja. Sijui nisemeje. Nondo mamia kwa mamia, wadogo kama vipande vya kucha, kila mmoja kwenye pini yake, na chini ya kila mmoja lebo ndogo mno. Wengine ni wazee kuliko Bibi. Wamekaa tu wanasubiri mtu awaulize kitu.

Bibi aliuliza kama kuna mwanamke kazini. Nikatafsiri. Isak hakucheka. Alitoka akarudi na mwenzake wa kike, mama wa makamo, ambaye kazi yake hasa ni mbawakawa, na aliyekubali kusimama pale kama shahidi. Bibi akaridhika. Namshukuru mama wa mbawakawa, sikupata jina lake.

Isak akakata ncha ya tumbo, akaiweka kwenye dawa ya kulainisha, tukangoja, akatazama. Mwalimu Japhet alitazama dari. Kwenye skrini kikatokea kitu kama ufunguo wa zamani, chenye ndoana na meno. Isak akasema kila spishi ina ufunguo wake, hauingii kufuli lingine. Nimeipenda sana hiyo. Nimeiandika mkononi kwa kalamu.

Halafu akasema ni dume.

Mwalimu Japhet akashusha macho kutoka darini. Uso mzima unang'aa. Bibi akaniuliza amesema nini. Nikasema amesema ana afya nzuri.

Isak atalinganisha na vitabu vya Marekani na kumwandikia mwenzake wa huko. Jibu Ijumaa.

Ijumaa, 13 Juni

Jibu.

Naandika polepole.

Nondo ana jina. Mmarekani mmoja alimpa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Maneno mawili, na hakuna hata moja linalofanana na jina la mtu ninayemjua. Isak anasema ni spishi isiyojulikana sana. Wako wachache tu kwenye makumbusho, hajapata kuonekana Sweden, na hakuna aliyewahi kuandika kiwavi wake anakula nini, kwa hiyo anaomba lile shada la maua. Ameandika "hongera" na alama ya mshangao, na yeye si mtu wa alama za mshangao.

Lakini jina halibadiliki. Nimeuliza. Nimeuliza mara mbili. Wa kwanza kumpa jina ndiye amempa.

Kesho ni karamu ya kumuaga Bibi na wote wanakuja.

Chini kabisa Isak aliuliza jambo la lebo. Nondo atabaki makumbusho, na chini yake itaandikwa mahali, tarehe, na jina la aliyemkamata. Nani alimkamata?

Nikaandika Isra. Lilikaa vizuri. Fupi, linatosha kwenye lebo. Nikalitazama muda mrefu, na nilikuwa nimeshaandika salamu za mwisho.

Bibi alikuwa jikoni anafunga maua makavu kwa gazeti, kwa uangalifu, moja moja, maana nilikuwa nimemwambia Isak anayataka. Hakuuliza kwa nini. Pembeni yake ile bilauri ya chai, imeoshwa, imepinduliwa.

Nikafuta. Nikaenda kumuuliza Bibi jina lake kamili.

Jumamosi, 14 Juni

Nilipanga kuwaambia mmoja mmoja. Jikoni, kwa utaratibu, nikianza na mpole.

Wamekuja pamoja kwenye lifti moja.

Mama Emérithe ameleta gauni la kitenge. Dogo. Lina mikono minne, kwa ajili ya mabawa. Queen ameleta taji la karatasi ya dhahabu, na mama yake ameleta keki iliyoandikwa KARIBU WAJINA. Mwalimu Japhet ameleta kalamu ndani ya kiboksi cha mahameli, maana mwanamume humwachia somo yake kalamu. Wameweka mezani. Wametazama zawadi za wenzao. Kisha wote wakanitazama mimi.

"Isra," akasema Mwalimu Japhet, "huyu nondo anaitwa nani?"

Mama yangu, ambaye hakujua lolote, akasema yeye pia angependa kusikia.

Nikasema yote. Wanne. Friza, lenzi, suti. Na kwamba hakuna hata mmoja, kwa sababu Mmarekani ametangulia. Mama Emérithe akasema alijua mimi ni mwanasiasa. Queen akasema nimegawa nondo mmoja kama ardhi ya Nairobi. Mwalimu alifunga kiboksi chake cha mahameli, na mlio wa kufunga ulikuwa mdogo sana, nikaona aibu kuliko kwa maneno yote.

Bibi alikuwa anatazama gauni la mikono minne. Akauliza tu, "Kwa hiyo mimi sina somo."

Nikasema ndiyo, Bibi. Huna.

Nikampa simu. Isak alikuwa ametuma picha ya lebo, ameikuza. Nikamsomea, maana miwani ilikuwa sandukuni. Stockholm, Tensta. Kwenye maua makavu kutoka Minnesota. Tarehe mosi Juni. Amekamatwa na Mwatumu binti Mbaruku.

Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akauliza kama Mbaruku limeandikwa lote. Lote, nikasema. Akasema huyo ni baba yake, alikuwa fundi cherehani, hakuwahi kupanda ndege, na sasa yuko kwenye droo ya Sweden. Akauliza kama droo ina ufunguo. Nikasema inao. Nani anaushika? Isak. Itakaa pale muda gani? Nikasema Isak amesema miaka mia mbili, wakijitahidi.

Bibi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Halafu akanyanyua kidevu.

"Somo kila mtu anaye. Jirani anao watatu. Nani kwao amekamata Mmarekani kwa bilauri?"

Hervé, ambaye sikujua hata kama amealikwa, akasema amina. Basi chumba kizima kikacheka, hata Mwalimu. Mama Emérithe akamvalisha Bibi lile gauni kama kofia, mikono minne ikining'inia. Queen akanipa kipande cha keki chenye neno WAJINA, akasema kwa leo tu. Mwalimu Japhet akatazama kalamu, akanipa mimi. Akasema mwenye kusema kweli mbele ya watu wengi hivyo aandike. Naandikia hiyo sasa. Wino wake ni mzuri. Sistahili, na nashukuru, na sitairudisha.

Nimejifunza. Sitaahidi tena nisichokuwa nacho. Naandika hapa ili iwe rasmi.

Jumatatu, 16 Juni

Nyumba kimya. Bibi ameondoka jana. Sanduku lilizidi uzito kwa sababu ya keki. Uwanja wa ndege alinikumbatia, nikanukia naftalini mpaka jioni, na sikuoga haraka. Kwenye foleni alikuwa anamwonyesha askari picha ya lebo. Amefika salama. Jirani ameshaambiwa.

Leo Mama Emérithe amenigongea, ana kopo la aiskrimu mkononi na amelishika mbali na mwili. Ndani yake dagaa wakavu aliotumiwa kutoka Bukavu. Kati ya dagaa, mbawakawa. Mweusi, mgongo una madoa mekundu, vipapasio vyake kama virungu. Nimepekua kitabu. Hayumo!

Yule mama wa mbawakawa wa makumbusho atanisaidia, nina hakika. Dagaa ni wa Mama Emérithe, kwa hiyo yeye ni halali yake. Lenzi ni ya Queen, amesema bila malipo sahau. Mwalimu Japhet hakuomba chochote, ndiyo maana nimemwahidi bila kuombwa. Nyama ya Idi imekwisha na Mama ametupa nafasi kwenye friza yetu, ya juu kabisa, kwa hiyo Ziada, jina lake Mama, ni haki kabisa. Na Hervé ameshaanza kumwombea, siwezi kumwacha nje.

Barua pepe niliyotuma dakika hii, kwa adabu zote na kwa shukrani nyingi:

Mpendwa Isak, jina la Kilatini lina maneno mawili, hilo nakumbuka vizuri, lakini je, ikiwa watu ni watano na wote ni wema kabisa, linaweza kuwa na matano? Tafadhali nijibu leo hii, maana kesho wanaanza kushona.